Kurasa tisa za maadili, malipo siku ya sitini

SWALI

"Shikamoo dada. Nina karakana ya ushonaji hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina vyerehani vinane, mafundi sita wasichana na wanafunzi wawili, mmoja ana miaka 16. Nimepata mteja wa Ulaya mwenye duka dogo la nguo anazoziita za maadili. Anataka magauni 400 ya kitenge kwa shilingi 22,000 kila moja, kitambaa juu yangu, malipo siku 60 baada ya mzigo kumfikia. Ameniletea kurasa tisa za masharti nisaini: nisiwe na mtoto karakanani, nilipe ujira unaotosha kuishi, kitambaa kisiharibu mazingira, mkaguzi aingie saa yoyote. Kaka yangu anauza mitumba pale Sido, anasema huyu mzungu ananichuna. Mzungu naye anasema mitumba ya akina kaka ndiyo inayoua mafundi kama mimi. Nani mkweli? Nisaini? Ndaga fijo."

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na kamwene kutoka Iringa.

Kurasa tisa za mteja wako nimezisoma mara mbili. Karatasi ya hesabu uliyoiambatanisha nyuma yake nimeisoma mara nne, kwa sababu jibu lako limelala humo. Tuanze na hiyo. Habari za Ulaya na mitumba zitatungoja.

Gauni moja linakula kitenge yadi tatu, na kwa bei ya jumla uliyopata ni 11,000. Zipu, bitana na uzi ni 2,500. Fundi unamlipa 3,000 kwa kila gauni. Umeme, kodi ya fremu, pasi, kufungasha na usafiri wa kufikisha mzigo Dar umeviwekea 2,000. Jumla 18,500, inabaki 3,500. Ukaizidisha mara 400, ukapata 1,400,000, ukaandika FAIDA kwa wino mwekundu na kupiga mistari miwili chini yake.

Umesahau kuuliza pesa inayofanya kazi yote hiyo ni ya nani. Kabla hujaona senti ya mteja utakuwa umetoa 7,400,000. Umeniambia utakopa kikundini kwa asilimia 5 kwa mwezi, na tuseme umepewa zote kwa mkupuo. Mafundi sita, kila mmoja magauni matatu kwa siku, watamaliza kwa siku 23 za kazi umeme usipokatika. Huo ni mwezi. Mzigo kushuka Dar, kupanda meli, kufika na kutolewa bandarini, mwezi mwingine, na hapo nimekuwa mkarimu sana. Kisha siku 60. Miezi minne, riba asilimia 20, yaani 1,480,000. Umeshona magauni 400 na umeingia hasara ya 80,000, na wewe mwenyewe hujajipangia hata nauli ya bajaji. Hapo umekopa kwa akina mama wenzako. Ungekopa kausha damu, ungemaliza kwa kuuza vyerehani.

Kwa hiyo kaka yako anakaribia ukweli, ingawa neno "kuchuna" lina nia mbaya ndani yake na mimi sioni nia. Naona mazoea. Mteja wako anakopa 8,800,000 kwa fundi wa Mwanjelwa bila riba, kisha anamtumia fundi huyo masomo ya maadili, na sidhani kama amewahi kuliona hilo kuwa mkopo. Sasa niambie: mama wa Uyole akikuletea oda ya sare za harusi, unakata kitambaa kabla hajatanguliza nusu? Hukati. Hata shangazi yako anatoa kishika uchumba. Iweje mwenye duka la Ulaya, ambaye humjui na huwezi kumfuata nyumbani kwake, ndiye apewe mali kauli?

Nimefanya kazi miaka kumi na moja katika viwanda vya nguo vinavyouza nje, karibu yote upande wa ukaguzi wa ubora, ndiyo maana linanigusa. Biashara ya nguo duniani imejengwa hivi. Mwenye jina na duka hamiliki kiwanda wala hamwajiri mshonaji. Anaagiza, anapanga bei na tarehe, analipa baadaye. Mwenye kiwanda ananunua kitambaa, analipa mishahara, anasubiri. Mambo yakienda sawa huwezi kuona tatizo. Yakiharibika ndipo unajua mzigo uliwekwa begani kwa nani. Korona ilipoingia mwanzoni mwa 2020, ndani ya wiki chache makampuni ya mitindo ya Ulaya na Marekani yalifuta au kusimamisha oda za zaidi ya dola bilioni 3 nchini Bangladesh peke yake, na humo zilikuwamo nguo zilizokwisha kushonwa na kukunjwa. Waliweza kwa sababu walikuwa hawajalipa. Washonaji wakaambiwa warudi nyumbani. Na karibu kila kampuni kubwa kati ya hizo ilikuwa na kurasa zake za maadili, ndefu kuliko hizi zako, zenye picha za akina mama wanaotabasamu.

Kuhusu hizo kurasa na mkaguzi wake, usinielewe vibaya, sizidharau. Zilizaliwa na misiba. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wasichana wa rika la mafundi wako. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Washonaji wa juu waliamriwa warudi kazini, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara, kwa sababu oda zilikuwa na tarehe. Walioona ufa walikuwa wengi, ila aliyeruhusiwa kusema "leo hatuingii" akasikilizwa hakuwamo katika jengo. Na baadhi ya viwanda vya humo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa niaba ya wanunuzi. Miezi saba kabla ya hapo, Septemba 2012, kiwanda cha nguo kiliungua Karachi, Pakistani, wakafa watu zaidi ya 250, madirisha yakiwa na nondo na milango ikiwa imefungwa. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha haki za wafanyakazi wiki chache tu kabla ya moto.

Mimi mwenyewe nimekuwa upande wa ndani wa siku ya ukaguzi. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, mitungi ya kuzimia moto iliazimwa kwa jirani asubuhi, mlango wa nyuma ambao mwaka mzima ulikuwa na kufuli ukafunguliwa, na wasichana wakafundishwa majibu kama watoto wa kipaimara. Mkaguzi alikuwa mtu mwema. Alikunywa chai, akaweka alama za vema, akawahi ndege. Hakuna mstari katika fomu yake uliouliza mnunuzi analipa lini.

Baada ya Rana Plaza kulifanyika jambo moja la maana kuliko yote niliyoyaona katika fani hii: makampuni zaidi ya 200 yalisaini mkataba wa usalama wa majengo pamoja na vyama vya wafanyakazi, mkataba unaoweza kupelekwa kwenye usuluhishi wa kisheria. Haukuwa ahadi ya upande mmoja. Mnunuzi naye alijifunga. Viwanda vya Bangladesh vikawekewa milango ya dharura na nguzo zikaimarishwa. Mishahara ilikuja nyuma kwa kusuasua. Mwisho wa 2023 kima cha chini kilipandishwa hadi taka (sarafu ya Bangladesh) 12,500 kwa mwezi huku vyama vikiwa vimedai 23,000. Ninachotaka ukione ni umbo la mkataba ule, pande zote mbili zina wajibu. Sasa pitia kurasa zako tisa na penseli, uhesabu sentensi zinazoanza na "muuzaji atafanya" na zile zinazoanza na "mnunuzi atafanya". Mimi nimepata 41 kwa 2, na moja kati ya hizo mbili ni kwamba mnunuzi ana haki ya kubadili masharti.

Basi, hayo ni ya mteja. Sasa tuje kwako, na hapa usinikasirikie.

Wewe nawe ni mnunuzi. Unanunua kazi ya wasichana sita. Unawalipa kwa kipande, na umeandika kwa fahari kwamba mwepesi atapata 9,000 kwa siku, 234,000 kwa siku 26. Sawa. Umeme ukikatika siku mbili, ovaloki na pasi vikalala, nani analala njaa? Kitenge kikichelewa kutoka Kariakoo, nani anakaa bure barazani akisubiri? Gauni likirudishwa kwa sababu ya kitambaa kilichochuja, unakata 3,000 za nani? Ukijibu kwa ukweli utaona umewawekea mafundi wako masharti yale yale mteja aliyokuwekea wewe: wakishindwa wao, hasara ni yao, ukishindwa wewe, hasara bado ni yao.

Sikwambii uache malipo ya kipande. Karakana nyingi za Mbeya na Iringa zingefunga. Weka sakafu chini yake. Akifika kazini, kuna kazi au hakuna, ana 6,000 yake ya siku, na vipande vyake vikizidi thamani hiyo analipwa ziada yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na ziada hulipwa mara moja na nusu. Hilo linakuhusu hata kama karakana yako haina kibao nje. Nalitaja kwa sababu najua wiki ya mwisho ya oda kubwa inavyokuwa, taa zinawaka hadi saa nne usiku na chakula ni chapati moja.

Kuhusu msichana wa miaka 16. Kurasa za mteja zinasema asiyefika 18 asionekane karakanani. Sheria yetu haisemi hivyo. Inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, inaruhusu kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo kuanzia hapo, na inakataza kazi za hatari hadi afike 18. Ukisaini ilivyo, una njia mbili: kudanganya, au kumfukuza binti. Wenzetu wamekwisha kupita huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, muswada ulipopelekwa katika Bunge la Marekani kuzuia nguo zilizoshonwa na watoto, viwanda vya Bangladesh viliogopa na kuwatoa watoto makumi ya maelfu hata kabla muswada haujawa sheria. UNICEF ilipowafuatilia ilikuta wengi hawakurudi shule; wengine walikuwa wakiponda kokoto, wengine kwenye mambo mabaya zaidi. Kwa hiyo sentensi hiyo iombee ibadilishwe isomeke "kwa mujibu wa sheria ya Tanzania". Ila na wewe usijifiche nyuma ya neno "mwanafunzi". Mzazi wake anakulipa ada umfundishe. Siku mikono yake itakapopinda upindo wa gauni hata moja la oda hii, amekuwa fundi kwa gauni hilo, na ana malipo yake.

Kitambaa. Ukurasa wa sita unataka "kitambaa cha asili kisichoharibu mazingira", na wewe ulikuwa unataka kuandika pamba asilimia 100 kwa sababu muuzaji amekuhakikishia. Chukua kiberiti. Chomoa nyuzi chache pembeni, uzichome juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, majivu yake hupukutika ukiyagusa. Poliesta hujikunja, hunuka kama plastiki na huacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili. Vitenge vingi unavyovikuta kwa bei yako vimechanganywa au ni poliesta tupu, hata vile vilivyopigwa chapa ya Kiholanzi pembeni ya kitambaa. Kitenge cha nta cha Uholanzi kipo kweli, kinatengenezwa mji wa Helmond tangu 1846, lakini kwa 11,000 hupati hata yadi moja ya kile. Si dhambi kushona poliesta. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta. Dhambi ni kuiandika pamba.

Naye mteja asikutishe na takwimu za ukurasa wa kwanza. Ameandika kwamba fulana moja ya pamba inakula lita 2,700 za maji, na kwamba nguo zinatoa asilimia 10 ya hewa ya ukaa ya dunia nzima. Ile ya maji ni wastani wa dunia, imechanganya shamba la kumwagilia na shamba la mvua. Pamba iliyoikausha Bahari ya Aral kule Asia ya Kati ilikuwa ya mifereji. Pamba ya Simiyu na Shinyanga inalimwa kwa mvua ya Mungu. Ile ya asilimia 10 inabishaniwa hata na wataalamu wanaoipigania tabianchi, wapo wanaoikadiria chini ya nusu ya hapo. Tatizo ni kubwa vya kutosha bila kuongezewa chumvi, na mtu akitaka kulipunguza njia iliyo wazi ni kununua nguo chache na kuzivaa muda mrefu. Hilo sijaliona popote katika kurasa tisa, maana naye anauza.

Angeniuliza ningemwambia hivi: ukitaka pamba safi kweli, Tanzania inayo. Wilayani Meatu wakulima wanalima pamba hai tangu miaka ya 1990, bila viuatilifu vya viwandani. Ila sehemu kubwa ya pamba yetu, hai na ya kawaida, inaondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi. Inasokotwa, inafumwa na kupigwa rangi kwingine, kisha tunauziwa vitenge. Huwezi kuingia duka lolote la Mwanjelwa ukapata kitenge cha pamba hai ya Meatu. Akitaka kiwe hivyo, akinunue yeye akulete, uwe unalipwa kushona tu. Kwa kweli hilo lingekuwa jambo zuri kwako: mtaji wa 4,400,000 wa kitambaa ungetoka mgongoni mwako.

Nakumbuka umeandika kwa penseli kwamba huenda ataongeza mifuko ya batiki. Ukiikubali, nunua glavu ndefu za mpira kabla hujanunua rangi. Magadi makali na haidro, kemikali tunazotumia kwenye batiki, vinababua ngozi na mvuke wake unaingia kifuani. Nimeona viganja vya akina mama waliopika rangi miaka kumi kwenye sufuria za uani. Na maji yale ya rangi yasimwagwe mtaroni. Hilo hakuna mkaguzi atakayekuuliza, lakini mtaro wa Mwanjelwa unaelekea mahali ambapo kuna mtu anamwagilia mchicha.

Sasa mitumba, maana naona ndani ya nyumba mmegombana.

Mteja wako anasema mitumba imeua mafundi. Kuna ukweli ndani yake, si wote. Tulikuwa na viwanda: Urafiki pale Dar tangu 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, na hapo kwenu Mbeyatex, ambayo wazee wa Mbeya bado wanaitaja wakikumbuka ajira za enzi zile. Vilianza kuyumba mitumba ikiwa bado haijafurika. Hakukuwa na fedha za kigeni za vipuri, umeme ulikuwa wa mashaka, na mashirika ya umma yalikuwa yamelemewa na madeni. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba iliingia pamoja na vitambaa vipya vya bei chee kutoka Asia, vikamkuta mgonjwa kitandani. Vitambaa vipya hivyo hivyo ndivyo unavyovishona wewe leo. Ukitaka kuilaani mitumba kwa kuua kiwanda, laani na kitenge kilicho mezani pako. (Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hata pamba hatukuwa nayo ya kutosha, kwa miaka mingi kilimo chake kilizuiwa ukanda huu kwa hofu ya funza mwekundu asije akavuka kwenda kanda nyingine.)

Kisha muulize mteja wako nani aliyekataa tuache. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hatua kwa hatua hadi iishe. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, nayo ikatishia kutuondoa katika AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania tukalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi hiyo. Yaani hata kukataa kuvaa alichovua mwenzako kuna bei, na bei hiyo haipangwi Sido.

Kaka yako naye asijione ameshinda. Mwulize anavyonunua balo. Analipa kwanza, taslimu, halijafunguliwa. Akilifungua akakuta makoti mazito, mwezi wa Juni Makete na Njombe watamnyang'anya mikononi. Akikuta suruali zilizochanika na blauzi za poliesta zisizokwisha kunuka jasho la mwenyewe, hakuna wa kumrudishia. Aliyefunga balo kule anapata fedha yake ama liwe zuri ama bovu. Wewe unalipwa mwisho, yeye analipa mwanzo, na nyote wawili ndio mnaobeba hatari ya mtu aliye mbali. Ndiyo maana ugomvi wenu wa mezani unanishangaza kidogo. Mna tatizo moja. Na mitumba mibovu haiishii kwa kaka tu, inaishia dampo au kwenye moshi nyuma ya soko. Ufaransa ilipiga marufuku kwa sheria ya 2020 kuteketeza nguo mpya zisizouzwa, na Umoja wa Ulaya nao umeweka katazo kama hilo kwa makampuni makubwa kuanzia Julai 2026. Zisizochomwa kule zitatafuta pa kwenda. Ningekuwa kaka yako ningekaa chonjo na mabalo ya mwaka huo na kuendelea.

Halafu, kwa baridi yetu, msemaji yeyote anayetaka mitumba ifutwe kesho asubuhi aje alale Kitulo mwezi wa saba bila koti. Huku juu sweta la mtumba ni dawa ya kifua ya mtoto. Njombe nimewaona akina mama wanaonunua masweta makubwa yaliyochoka, wanayafumua, wanaosha uzi, wanafuma sweta za shule. Hiyo ndiyo nguo rafiki wa mazingira niliyowahi kuiona kwa macho, na hakuna aliyewaletea kurasa tisa.

Nisaini, unauliza. Usisaini hivi. Usikatae pia. Mwandikie, kwa upole, barua fupi hii. Mtafutie anayejua lugha yake vizuri aitafsiri, mashine ya simu isikuchezee:

"Ndugu mteja, nimesoma masharti yako na ninakubaliana na shabaha yake. Ili niweze kuyatimiza naomba tuongeze haya. Nusu ya bei, yaani 4,400,000, ilipwe kabla ya kukata kitambaa. Nusu ya pili ilipwe siku mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji Dar es Salaam. Tushone sampuli moja, tuisaini wote wawili, na ubora upimwe kwa sampuli hiyo. Kasoro idaiwe kwa picha ndani ya siku 14, si zaidi. Oda ikifutwa baada ya kitambaa kukatwa, gharama iliyokwisha kutumika inalipwa. Umri wa kufanya kazi ufuate sheria ya Tanzania. Kitambaa ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, nami nitaandika hivyo kwenye lebo. Ujira unaotosha kuishi unahitaji bei iwe 23,500 kwa gauni, nimeambatanisha hesabu."

Nimekufanyia hesabu upande mwingine. Akikubali nusu ya awali na nusu ya Dar, hata kwa bei ile ile ya 22,000, utakopa 3,000,000 kwa miezi miwili tu, riba 300,000, na faida yako ni 1,100,000. Bei haijapanda hata shilingi, zimebadilika tarehe tu. Ile 1,500 ya juu ni 600,000 ya sakafu ya mafundi wako na malipo ya wanafunzi, na akikuuliza ni ya nini mwambie hivyo hivyo, kwa majina, kwa siku na saa. Akiikataa 1,500 lakini akakubali tarehe, bado unaweza kufanya kazi, utapunguza kwenye faida yako kidogo uitimize sakafu. Akikubali 1,500 na kukataa tarehe, kataa. Najua inasikika kinyume.

Akikataa vyote, una Desemba na Januari za sare za shule, una vikundi vyenye sherehe, una kitchen party za kila Jumamosi, wateja wanaotanguliza nusu bila kuombwa mara mbili. Ukija Iringa pita Neema Crafts hapa mjini uone jambo jingine: tangu 2003 watu wenye ulemavu wanafuma na kushona, na vinauzwa katika duka lao wenyewe mlango wa pili. Mgeni wa Ulaya anakifuata kitambaa mahali kinapofumwa na analipa papo hapo.

Barua itume kabla ya kufanya lolote. Na kitenge usikinunue mpaka nusu yake iingie kwenye akaunti, hata kama muuzaji wa Kariakoo anakupigia kila siku kwamba ile rangi ya buluu inaisha. Ananipigia na mimi tangu mwaka juzi, rangi ni ile ile.